TP isiishie kandokando ya lami

Muhula wa pili ukifunguliwa, utawaona. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, mkononi faili la maandalio ya somo na azimio la kazi. Wanafunzi wanawaita "madam" na "ticha" hata kabla hawajamaliza chuo. Hawa ni walimu wanafunzi walio kwenye mazoezi ya kufundisha, au TP kama kila mtu anavyoiita.

Kwa komredi mwenyewe, TP ni alama za kutafuta ili ahitimu. Kwa shule inayompokea, ni mwalimu wa ziada kwa muhula mzima. Na kwa kaunti kama Kilifi, ambako kuna shule zenye mwalimu mmoja anayebeba masomo ya watatu, TP ndiyo huduma kubwa zaidi ambayo chuo cha kufunza walimu kinaweza kuzipa shule na vijiji vinavyokizunguka. Shida ni kwamba mara nyingi tunaiendesha kama hasla ya mtu binafsi: tafuta shule mwenyewe, tafuta chumba mwenyewe, tafuta nauli mwenyewe, Mungu akusaidie.

Msimamo wetu ni huu. TP ipangwe kama huduma ya umma. Mwalimu mwanafunzi apelekwe panapohitajika mwalimu, na gharama ya kumfikisha huko isiwe mzigo wake peke yake.

Chuo kipo, shule zipo

Pwani hatuwezi tena kusema hatuna pa kufunzia walimu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi mjini, pembeni mwa barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi. Zamani pale palikuwa Taasisi ya Kilimo ya Kilifi. Mwaka 2007 ikageuzwa kuwa tawi la Chuo Kikuu cha Kenyatta, na 2013 ikapata hati yake na kuwa chuo kikuu kamili. Ualimu ni moja ya fani zinazofundishwa pale. Ukishuka barabara hiyohiyo ukavuka Mtwapa, unafika Shanzu, kwenye chuo cha walimu wa shule za msingi, ambao siku hizi husomea stashahada ya miaka mitatu iliyochukua nafasi ya cheti cha P1.

Kaunti yenyewe si ndogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika maeneo bunge saba: Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini. Lakini yeyote aliyewahi kupanda matatu ya Bamba au ya Marafa anajua kwamba hapa kuna Kilifi mbili. Kuna ya ufuoni: Mtwapa, Kilifi, Watamu, Malindi, yenye lami, stima, hoteli na mtandao. Kisha kuna ya bara: Ganze, Vitengeni, Bamba, Marafa, Adu. Huko mvua ikikataa, shule inahisi kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtoto anakuja na njaa, au haji kabisa kwa sababu ametumwa maji.

Sasa fikiria komredi wa mwaka wa tatu. Mkopo wa HELB umechelewa au umeisha. Ana shangazi Malindi, au rafiki aliyepanga bedsita Mtwapa. Ataomba shule wapi? Usimlaumu. Ataomba anapoweza kulala bure na kula bila kukopa. Wakifanya hivyo mia moja, shule za kando ya lami zinapata walimu wanafunzi wengi, wanagawana vipindi kama peremende, huku shule ya bara inayolilia mwalimu wa hisabati haioni hata mmoja. Mpango ukiachwa mikononi mwa mfuko wa mwanafunzi, unafuata mfuko huo, wala haufuati mahitaji.

Mwalimu mmoja, muhula mmoja

Kuna wanaosema muhula mmoja ni mfupi mno, hauwezi kubadilisha kitu. Hebu tuangalie sekondari msingi.

Madarasa haya yalianza Januari 2023, na mwaka huohuo mtihani wa KCPE ukafanywa kwa mara ya mwisho. Serikali iliamua gredi za 7, 8 na 9 zibaki ndani ya shule za msingi. Maana yake, shule ambayo haikuwahi kuwa na maabara ikajikuta inafundisha sayansi ya sekondari, na mwalimu aliyesomea Kiswahili na dini akajikuta ameshika kitabu cha masomo ya ufundi. Shule ya namna hiyo ikipata kijana anayesomea kemia na baiolojia, hata kwa wiki kumi na mbili, watoto watafanya jaribio kwa mara ya kwanza badala ya kulisoma ubaoni. Mwalimu wa kudumu naye atakuwa na mtu wa kumuuliza, "Hii mada wewe ungeifundishaje?"

Faida inaenda pande zote mbili. Mwalimu mwanafunzi anajua nadharia mpya, lakini darasa la watoto sitini anakutana nalo pale. Mwalimu mkongwe anajua jinsi ya kulituliza kwa jicho tu. Anajua ni mtoto yupi halali vizuri kwa sababu baba anagema mnazi na kunywa palepale, na ni binti yupi ameanza kukosa shule tangu disko matanga ya wiki jana. Maarifa hayo hayamo kwenye mihadhara. Yanapatikana chumba cha walimu, saa nne, juu ya kikombe cha chai.

Halafu kuna suala la lugha. Mtaala unataka watoto wa madarasa ya chini, hadi gredi ya tatu, wafundishwe kwa lugha inayotumika eneo lao. Mjini Malindi hiyo ni Kiswahili. Ndani kabisa Ganze ni Kigiriama. Kijana wa Pwani aliyesomea ualimu na anayekijua Kigiriama ni mali. Anaweza kumweleza bibi wa mwanafunzi kwa nini mtoto anatumwa shuleni na maboksi na vifuniko vya soda, badala ya bibi kudhani mwalimu amerukwa na akili. Wazazi wengi wanaolalamikia CBC hawaichukii elimu. Hakuna aliyekaa nao akawaeleza.

Na mwalimu anayelijua eneo hakosi mifano. Pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna kituo cha anga cha Waitaliano. Kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini, setilaiti zilirushwa kati ya 1967 na 1988. Mojawapo iliitwa Uhuru, kwa sababu ilirushwa siku ya Jamhuri, Desemba 12, 1970, na ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ni watoto wangapi wa Magarini wanaoliona jukwaa lile kila siku na hawajawahi kufundishwa hata somo moja kulihusu? Gede ina magofu ya mji wa kale. Kaya za Wamijikenda zimo kwenye orodha ya turathi za dunia tangu 2008. Mto Sabaki unageuza bahari ya Malindi kuwa nyekundu kila mvua inaponyesha bara, na hilo peke yake ni somo zima la mmomonyoko wa udongo. Mwalimu mwanafunzi mwenye macho hahitaji projekta.

Pingamizi lenye uzito

Kuna hoja moja ambayo hatutaki kuiruka. Baadhi ya walimu watatuambia: "Nyinyi mnataka kuipa serikali kisingizio. Itawajaza wanafunzi wa chuo wasiolipwa, kisha iseme pengo limezibwa."

Wana sababu ya kuogopa. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi walilipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakifanya kazi ileile ya mwenzao wa kudumu. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira iliamua kwamba kuwaajiri kwa mtindo huo walimu ambao tayari wamehitimu na kusajiliwa hakukuwa halali. Mwezi uliofuata walimu hao walikuwa barabarani wakiandamana, na ni Januari 2025 ndipo takribani 46,000 walipopata ajira ya kudumu. Kizazi hiki kimeshaona "uzoefu" ukitumiwa kama jina la heshima la kazi ya bei rahisi.

Ndiyo maana masharti lazima yawe wazi. Mwalimu mwanafunzi asihesabiwe kamwe kwenye idadi ya walimu wa shule. Mahali Tume ya Huduma za Walimu inapotakiwa kupeleka mwalimu, ipeleke. Kila mwalimu mwanafunzi awe na mwalimu mlezi wa kumsimamia darasani, asiachiwe vipindi vyote huku mwenyewe akitoweka. Na apewe posho ya chakula na makazi. Hiyo siyo mshahara, lakini pia siyo sadaka.

Tukisema tusubiri hadi serikali iajiri walimu wote wanaohitajika ndipo tupange TP vizuri, anayeumia ni yule mtoto wa gredi ya 8 pale Bamba. Yeye hana muda wa kusubiri. Kabla ya kuingia gredi ya 10 atatakiwa kuchagua mkondo, na kama hajawahi kufundishwa sayansi na mtu anayeijua, mkondo mmoja kati ya mitatu tayari umefungwa mbele yake.

Pwani imeshafanya hivi

Wazo la mafunzo ya ualimu kumfuata mwalimu hadi kijijini si geni hapa kwetu. Miaka ya 1980 wazazi na viongozi wa Kiislamu mjini Mombasa walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na kwa uongozi wa mwalimu Bi Swafiya Said, ukaanza mpango wa shule za chekechea za madrasa. Ulifika Zanzibar 1990 na Uganda 1993.

Angalia jinsi ulivyofanya kazi. Kijiji kilichagua kamati yake na kuamua kinataka shule. Wanawake wa palepale, wengine hata hawakumaliza sekondari, walichaguliwa wafunzwe kuwa walimu kwenye kituo cha mafunzo. Baada ya hapo mkufunzi hakuwatupa mkono. Alikuwa akiwafuata darasani, anakaa nyuma, anatazama, kisha wanakaa chini kuzungumza, na ushirikiano huo uliendelea kwa takribani miaka miwili. Vifaa vya kufundishia vilitengenezwa kwa vitu vya mtaani. Shule ikisimama kwa miguu yake, inahitimu kama mwanafunzi.

Funzo liko wazi: chuo kiliihesabu shule kuwa mshirika wa miaka, si kituo cha kupima alama za mtu mmoja. TP ya sasa inafanya kinyume. Mhadhiri anafika, anakaa nyuma ya darasa kipindi kimoja, anajaza fomu, anapanda gari. Mwaka ujao shule ile huenda isipate mtu, au ipate mtu mpya asiyejua mwenzake aliacha nini. Klabu ya sayansi iliyoanzishwa Julai inakufa Septemba.

Tunachotaka kifanyike

Kwanza, ramani. Kabla ya muhula wa pili, vyuo vinavyofunza walimu, ofisi ya TSC ya kaunti na wakuu wa shule wakae meza moja. Shule gani haina mwalimu wa fizikia? Ipi haina wa hisabati? Orodha hiyo ndiyo iamue nani aende wapi. Mwenye sababu ya kweli ya kubaki mjini, kama ugonjwa au mtoto mchanga, aelezee na asikilizwe.

Pili, waende kwa makundi. Walimu wanafunzi watatu au wanne shule moja, au shule mbili zinazopakana. Mhadhiri anayesema hawezi kwenda Adu kwa ajili ya mtu mmoja ataenda kwa ajili ya wanne. Na dada aliyepangiwa mahali asipojulikana hatalala peke yake kwenye chumba kisicho na komeo. Usalama wa mabinti si jambo dogo. Chuo kikague makazi kabla hakijamtuma mtu.

Tatu, pesa. Chini ya Katiba, kaunti husimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, na shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Tunajua hoja hii itatolewa: "Hiyo si kazi yetu." Lakini sheria inaruhusu serikali mbili kuandikiana makubaliano ya kugawana kazi. Chumba cha kulala na nauli ya kwenda na kurudi havitafilisi bajeti ya mtu. Kamati ya wazazi nayo inaweza kutoa nyumba, na mahindi ya kupika sima. Vijiji vya Pwani vimekuwa vikiwalisha walimu wageni tangu zamani. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo zenyewe ndizo hizi.

Nne, shule ibaki mshirika kwa angalau miaka mitatu. Kila kundi liache daftari: tulikuta nini, tulianzisha nini, nini kilishindikana. Kundi linalofuata lianzie hapo.

Tano, chuo kifungue lango. Kilifi tayari tuna mfano. Kituo cha utafiti cha KEMRI, kilichoanza hapa mwaka 1989 kwa ushirikiano na Wellcome Trust, kimekuwa na mpango wa kushirikiana na shule za sekondari, na huwapokea vijana waliomaliza kidato cha nne wajifunze kazi za kisayansi. Kama kituo cha utafiti wa magonjwa kimeweza, chuo chenye maabara, maktaba na walimu wa walimu kinashindwaje? Jumamosi moja kwa mwezi, basi moja la watoto kutoka Ganze, maabara moja iliyo wazi. Walimu wa sekondari msingi nao wakaribishwe wakati wa likizo waje kunolewa bila kutozwa karo. Na kwa kuwa chuo kilizaliwa kutoka taasisi ya kilimo, mabustani ya shule yawe sehemu ya kazi hiyo. Mboga zikimea shuleni, mtoto anapata somo na chakula cha mchana.

Na wewe, komredi

Tukikuambia uende Marafa, hatukuambii ukawe malaika. Hakuna anayekutaka utatue ukame, mimba za mapema na umaskini kwa wiki kumi na mbili. Kazi yako ni kufundisha vizuri, kumaliza silabasi uliyopewa, na kumtendea mtoto wa watu kama mdogo wako. Mtoto akikuita madam au ticha, kumbuka jina hilo lina mipaka yake: namba yako ya simu si ya wanafunzi, na chumba chako si mahali pao pa kutembelea. Ukikosea hapo, hakuna alama itakayokuokoa, na hapastahili kuwa na ya kukuokoa.

Lakini kuna unachopata. Aliyejifunza kushika darasa bila stima, bila vitabu vya kutosha, akabuni mizani kwa vifuu vya nazi, hatatetemeka popote TSC itakapompeleka. Wewe mwenyewe unajua soko la ajira lilivyo. Kati ya watu mia wenye cheti kimoja, anayekumbukwa ni yule ambaye mwalimu mkuu anamzungumzia kwa jina.

Kwa hivyo usisubiri ramani ya wakubwa. Chama cha wanafunzi wa ualimu kinaweza kuanza wiki hii: ulizeni walio mwaka wa nne walifundisha wapi, walilipa kodi ngapi, shule ipi ilikuwa na vipindi vitupu. Andikeni. Pelekeni orodha hiyo kwa mkuu wa kitivo na kwa mwakilishi wadi wenu, kabla barua za TP hazijatolewa. Ni vigumu kumfukuza mtu aliyekuja na majina ya shule na idadi ya vipindi visivyo na mwalimu.

Na kwa wenye kalamu ya kutia sahihi, ombi letu halina mafumbo. Muhula wa pili ujao, tunataka kuona matatu ya Bamba na ya Marafa zikibeba walimu wanafunzi waliopangiwa shule, waliolipiwa nauli, na wanaojua watakapolala usiku huo.